Bankart: Daktari aliyefichua siri ya bega linaloteguka kila mara

MWAKA wa 1923, jijini London, daktari mmoja wa mifupa alimlaza kwenye meza ya upasuaji mwanamume aliyewahi kuwa msaidizi wake hospitalini. Mgonjwa huyo, ambaye naye alikuwa daktari, alikuwa na bega lililokuwa likiteguka, likarudishwa, kisha likateguka upya. Mpango ulikuwa ni kufanya upasuaji uliozoeleka wakati huo, yaani kuukunja na kuukaza mfuko wa nyama ngumu unaokizunguka kiungo cha bega, kwa imani kwamba mfuko huo ulikuwa umelegea.

Alipofika ndani, mpasuaji huyo hakuona cha kukunja. Mfuko ulikuwa umebanduka kabisa kutoka kwenye ukingo wa mfupa ulikostahili kushikamana nao. Bega la mwenzake halikuwa limelegea. Lilikuwa limeng'oka mahali pake, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameangalia hapo.

Daktari huyo ni Arthur Sydney Blundell Bankart. Zaidi ya karne moja baadaye, jina lake hutajwa kila siku katika hospitali za dunia nzima, zikiwemo za Kenya, japo wengi wa wagonjwa wanaoandikiwa jina hilo kwenye faili zao hawajui kama lilikuwa la mtu.

Ili kuielewa kazi yake ni vyema kwanza kulielewa bega lenyewe. Kiungo cha nyonga kimeundwa mithili ya mchi ndani ya kinu. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani, na ni lazima pawepo nguvu kubwa sana kukichomoa. Bega ni jambo jingine. Hapo kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kama chungwa juu ya kisosi. Kisahani cha mfupa wa kombe ni kidogo, hakina kina, na kinagusana na sehemu ndogo tu ya kichwa hicho.

Faida yake ni kwamba binadamu anaweza kuupeleka mkono wake karibu kila upande: kuchuna majani chai, kukata mkungu wa ndizi ulio juu, kumbeba mtoto mgongoni, kurusha jiwe. Hasara yake ni kwamba hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachoteguka mara nyingi kulishinda bega.

Kinachozuia chungwa lisianguke kutoka kwenye kisosi ni vitu vitatu. Kuna pete ya gegedu iliyozunguka ukingo wa kisahani na kukiongezea kina. Kuna mfuko wa kiungo pamoja na kano zake, ulioshikamana na pete hiyo. Kisha kuna misuli inayokikumbatia kichwa cha mfupa na kukivuta ndani kila mkono unaposogea.

Katika vilima vya Nyacheki, kaunti ya Kisii, kama ilivyo kwingineko Gusii, riziki nyingi hupatikana kwa mikono inayoinuliwa. Huko ni kwenye mashamba madogo yaliyolala kwenye miteremko, ambako njia huteleza mvua inaponyesha na ambako bodaboda ndizo zinazobeba abiria, mbolea na magunia. Mtu anaweza kuteleza, akaangukia mkono ulionyooka au bega lenyewe, na kiungo kikatoka. Kurudishwa huenda kukachukua dakika chache tu. Tatizo huja miezi kadhaa baadaye, pale bega linapotoka tena wakati mwenyewe anavaa shati au anajigeuza kitandani. Hapo ndipo mtu anapoanza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Tatizo hili ni la kale kama wanadamu. Katika kaburi la Ipuy, fundi aliyeishi Misri enzi za Farao Ramesses wa Pili, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, mna mchoro wa mafundi wakiwa kazini, na mmoja wao ameushika mkono wa mwenzake kwa namna ambayo madaktari wengi wanaamini ni ya kurudisha bega lililoteguka.

Naye Hippocrates, tabibu wa Ugiriki aliyezaliwa kwenye kisiwa cha Kos mnamo mwaka 460 Kabla ya Kristo, alieleza njia ya kumlaza mgonjwa chali, kumwekea kisigino kwapani na kuuvuta mkono taratibu. Kwa wale ambao bega lao lilitoka mara kwa mara, alipendekeza kuchoma ndani ya kwapa kwa chuma cha moto ili kovu litakalotokea lizibe mlango wa kichwa cha mfupa.

Tiba hiyo inatisha, lakini hoja iliyokuwa nyuma yake haikuwa ya kijinga. Hippocrates aliwakosoa matabibu wenzake waliokuwa wakichoma upande wa juu, wa mbele au wa nyuma wa bega, ilhali mfupa wenyewe ulikuwa ukitorokea kwapani. Kwa maneno mengine, aliwalaumu kwa kuuziba mlango usio. Lawama ya namna hiyo hiyo ndiyo ambayo Bankart angeitoa baada ya zaidi ya miaka 2,300.

Kati yao walipita wengi. Mwaka 1870, Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, alieleza njia ya kurudisha bega kwa kuuzungusha mkono hatua kwa hatua badala ya kuuvuta kwa nguvu. Kocher alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, ingawa hiyo ilikuwa kwa kazi yake kuhusu tezi ya shingo. Hata hivyo, kurudisha bega ni jambo moja, na kulizuia lisitoke tena ni jambo lingine kabisa. Kuhusu hilo la pili, wapasuaji wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walibuni mbinu moja juu ya nyingine, ishara tosha kwamba hakuna iliyowaridhisha.

Bankart alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako babake alikuwa mpasuaji. Alisomea shule ya Rugby, ile ile iliyoupa jina mchezo wa raga. Ni sadfa ya aina yake, kwani ni michezo michache inayotegua mabega ya vijana kama raga. Kutoka huko alijiunga na Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaenda hospitali ya Guy's jijini London kukamilisha mafunzo ya udaktari.

Wakati huo Guy's ilikuwa na mpasuaji aliyejulikana kwa ujasiri, William Arbuthnot Lane. Lane alikuwa akiifungua miguu na mikono iliyovunjika na kuiunga mifupa kwa vipande vya chuma na skurubu, jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni kuchezea kifo. Siri yake ilikuwa usafi uliokithiri: hakuruhusu hata kidole chenye glavu kugusa kidonda, bali vyombo peke yake vilivyochemshwa. Yeyote aliyepitia Guy's miaka hiyo aliondoka akijua kwamba mfupa unaweza kufunguliwa bila kuoza, ikiwa mpasuaji atafuata masharti.

Miaka michache baada ya kufuzu, Bankart alijiunga na hospitali ya kitaifa ya mifupa jijini London, Royal National Orthopaedic Hospital. Alihudumu pia katika hospitali za watoto, na katika hospitali ya Maida Vale iliyowatibu wagonjwa wa kifafa na waliopooza. Hiyo ya Maida Vale si ya kupuuzwa katika hadithi hii. Mtu anapopatwa na kifafa, misuli yake hujikaza kwa nguvu ambazo hawezi kuzidhibiti, na mara nyingine bega hung'oka. Wapo wagonjwa ambao huteguka bega kila wanapoanguka. Bankart aliwaona.

Tiba ya mifupa enzi hizo haikuwa na hadhi. Ilihusu hasa watoto wenye miguu iliyopinda, waliopooza kwa polio au walioliwa uti wa mgongo na kifua kikuu. Mifupa iliyovunjika ilikuwa ya wapasuaji wa kawaida, nao hawakutaka kunyang'anywa.

Mambo yalibadilishwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vile ambavyo vilifika hadi Kisii mnamo Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana mjini humo, na ambavyo baadaye viliwachukua maelfu ya vijana wa Kiafrika kuwa wapagazi wa jeshi. Ulaya, hospitali zilijaa wanajeshi wenye viungo vilivyopondwa, na Robert Jones, mpasuaji mashuhuri wa Liverpool, akapewa jukumu la kupanga matibabu yao. Mwaka 1918, madaktari wa fani hiyo walianzisha Chama cha Madaktari wa Mifupa cha Uingereza. Bankart alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na katika miaka ya mwanzo ya 1930 akakiongoza kama rais. Baada ya vita hivyo alikuwa pia daktari wa mifupa wa hospitali ya Middlesex.

Basi ndivyo hali ilivyokuwa alipomfungua bega mwenzake mwaka 1923. Ni muhimu kukumbuka alichokuwa akihatarisha. Penisilini haikuwa imegunduliwa. Alexander Fleming aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1928, na wagonjwa wa kawaida hawakuipata hadi miaka ya 1940. Kiungo kilichoingiwa na usaha kingeweza kuganda milele, na mgonjwa angeweza kufa. Bega linaloteguka, kwa upande mwingine, haliui. Kumpasua mtu mzima wa afya kwa ajili ya tatizo lisiloua kulihitaji sababu nzito.

Sababu hiyo ilikuwa ni maisha yenyewe ya wagonjwa. Mpasuaji asiyeweza kuuamini mkono wake hana kazi. Vivyo hivyo baharia anayepanda mlingoti, mpaka rangi aliye juu ya ngazi, au mkulima. Bega likitoka mara ya kumi, halitoki kwa ajali tena. Hutoka kwa mazoea, na mwenye bega hupanga siku yake akilikwepa.

Desemba 1923, Bankart alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza, akieleza alichokiona. Hoja yake ilikuwa kwamba kuna tofauti kati ya bega linaloteguka mara moja na lile linalorudia. Katika hali ya kwanza, alisema, mtu huangukia mkono ulionyooshwa, kichwa cha mfupa kikashuka na kuupasua mfuko wa kiungo. Mfuko huo una damu ya kutosha, hivyo hupona wenyewe na jambo likaisha.

Katika hali ya pili, nguvu hukisukuma kichwa cha mfupa kutoka nyuma kwenda mbele. Kinapopita, hukwangua pete ya gegedu na mfuko kutoka kwenye ukingo wa mbele wa kisahani. Gegedu likishabanduka hivyo halirudi likashikamana na mfupa lenyewe. Hubaki uwazi, na kichwa cha mfupa huwa kimeshaijua njia. Hapo mwenye bega anaweza kufanya mazoezi, kujifunga kitambaa, au kukazwa misuli kwa mbinu yoyote ile, lakini mlango utabaki wazi.

Tiba, kwa mtazamo huo, haikuwa na mzunguko. Palipobanduka pashikamanishwe. Bankart aliingia kwa upande wa mbele wa bega, akapita kati ya misuli, akaukwangua ukingo wa kisahani hadi mfupa uliokuwa ukitoa damu uonekane, akatoboa matundu madogo kwenye ukingo huo, kisha akaupitisha uzi na kuufunga mfuko mahali ulipotoka. Kusimulia ni rahisi. Ukingo wenyewe una upana wa milimita chache, uko kwenye kina kirefu, na mishipa mikuu ya damu na ya fahamu ya mkono mzima inapita jirani.

Pengine ugumu huo ndio uliofanya wengi wasimfuate upesi. Kwa miaka 15 iliyofuata, wapasuaji waliendelea na njia zao. Baadhi walihamisha kano, wengine walifupisha misuli. Bankart naye aliendelea kufungua mabega, na kila alipofungua aliona jeraha lile lile.

Katikati ya kipindi hicho alifanya jambo lingine linalostahili kutajwa, hasa kwa msomaji wa Gusii. Uingereza ya siku hizo ilijaa waunga mifupa, watu wasio na shahada ya udaktari ambao waliwavutia wagonjwa kwa maelfu. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Herbert Barker, aliyetunukiwa cheo cha heshima na mfalme mwaka 1922, wakati baraza la madaktari lilikuwa limeshamfuta daktari mmoja kwenye daftari lake mwaka 1911 kwa kosa la kuwapa dawa ya usingizi wagonjwa wa Barker. Uhasama ulikuwa mkali.

Mwaka 1932, Bankart alichapisha kitabu kizima kuhusu tiba ya kunyoosha viungo kwa mikono. Kwa daktari wa cheo chake, kuiingiza mbinu hiyo katika elimu ya upasuaji, kueleza inafaa wapi na inadhuru wapi, badala ya kuidharau na kuiacha mikononi mwa wengine, ilikuwa hatua ya kiungwana. Alielewa kwamba mgonjwa hafuati shahada, hufuata nafuu.

Gusii ni jamii isiyohitaji kufundishwa hilo. Wataalamu wake wa jadi wa kupasua fuvu, wanaoitwa ababari, walikuwa wakikwangua mfupa wa kichwa cha mtu aliyepigwa au kuanguka ili kumwondolea maumivu, na watafiti wa kigeni waliandika habari zao kwa mshangao. Waunga mifupa nao wangali wanatafutwa vijijini. Yapo mabega waliyoyarudisha kwa ustadi. Yapo pia yaliyovutwa huku mfupa wenyewe umevunjika ndani, au yakavutwa kwa nguvu hadi neva inayoipa misuli ya bega uhai ikajeruhiwa. Tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi haionekani kwa macho, ila kwa picha ya eksirei. Bankart, pamoja na heshima yake kwa tiba ya mikono, asingeweza kukubali kwamba mkono wowote, uwe wa mganga au wa profesa, unaweza kuirudisha pete ya gegedu iliyobanduka.

Mwaka 1938 alirudi na ushahidi. Katika jarida la upasuaji la Uingereza alitoa taarifa ya wagonjwa 27 mfululizo aliowafanyia upasuaji wake. Hakuna hata mmoja ambaye bega lake lilikuwa limeteguka tena, na mikono yao iliweza kusogea kikamilifu. Makala hayo hayakuandikwa kwa upole. Aliziorodhesha mbinu za wenzake na kuzitupilia mbali, akisisitiza kwamba jeraha la msingi ni moja, na kwamba tiba ya busara ni moja.

Hapo ndipo penye nguvu zake na udhaifu wake kwa pamoja. Uhakika huo uliwafanya watu wasikilize, ila ulizidi kipimo. Wapasuaji waliomfuata waligundua kwamba si kila bega linaloteguka lina jeraha alilolieleza. Mwaka 1940, wataalamu wawili wa eksirei wa Marekani, Harold Hill na Maurice Sachs, walieleza kwa kina shimo linalobonyea nyuma ya kichwa cha mfupa kinapogonga ukingo wa kisahani. Shimo hilo likiwa kubwa, kushona gegedu peke yake hakutoshi. Baadaye ikabainika kuwa wapo watu waliozaliwa na viungo vilivyolegea mwili mzima, ambao mabega yao hutoka mbele, chini na hata nyuma bila ajali yoyote. Kwa hao, mazoezi ya muda mrefu huja kwanza, na upasuaji ukifanywa ovyo huharibu.

Kuna pia suala la haki ya jina. Wafaransa Broca na Hartmann walikuwa wameeleza kubanduka huko tangu mwaka 1890, na Mjerumani Georg Perthes alikuwa akiushikamanisha mfuko na ukingo wa kisahani mwaka 1906, miaka 17 kabla ya Bankart. Ujerumani, madaktari wengine humtaja Perthes hadi leo. Historia ya tiba haina desturi ya kumpa jina aliyetangulia. Humpa aliyewashawishi wenzake. Kwa hilo Bankart alistahili, kwani yeye ndiye aliyeligeuza jeraha lililokuwa limetajwa pembeni likawa ndilo suala lenyewe.

Hata ushawishi huo ulichukua muda. Mwaka 1948, mpasuaji Osmond-Clarke alitangaza njia iliyokuwa ikitumiwa na Harry Platt wa Manchester na Vittorio Putti wa Bologna, Italia, ya kuufupisha msuli wa mbele ya bega. Ilikuwa rahisi zaidi kuitekeleza, ikaenea haraka. Bega halikutoka tena, ni kweli, lakini wengi walishindwa kuugeuza mkono kwenda nje, na baada ya miaka mingi baadhi walipata uchakavu wa kiungo. Ilikuwa kama kuufunga mlango kwa kuujengea ukuta.

Bankart alifariki dunia mwaka 1951 akiwa na umri wa miaka 71. Miaka mitatu baadaye, Michel Latarjet wa Lyon, Ufaransa, alieleza njia nyingine ya kukata ncha ya mfupa ulio mbele ya bega na kuipachika kwenye ukingo wa kisahani kwa skurubu. Njia hiyo hutumika hadi leo pale ukingo wenyewe umeliwa kwa sababu bega limetoka mara nyingi mno.

Ushindi mkubwa wa Bankart ulikuja akiwa kaburini. Mwaka 1978, Carter Rowe na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa Bankart na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Kati ya mabega 145, ni matano tu yaliyoteguka tena, sawa na asilimia 3.5. Tangu hapo haikuwa rahisi tena kumpuuza.

Siku hizi kazi ile ile hufanywa mara nyingi kupitia matundu madogo ya ngozi, kwa kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya kiungo. Badala ya kutoboa matundu kwenye ukingo na kuhangaika na sindano, mpasuaji hupigilia vijiti vidogo vyenye uzi. Hata hivyo kinachofanyika ni kile kile: ukingo hukwanguliwa, na kilichobanduka hurudishwa.

Kwa mtu wa Nyacheki ambaye bega lake limetoka leo, baadhi ya mambo hayahitaji kamera yoyote. Mkono uachwe katika hali ambayo mwenyewe anaona nafuu, uegemezwe kwa kitambaa kilichoning'inizwa shingoni, wala usivutwe na rafiki au utingo wa matatu. Vidole vikiwa baridi au vimefifia rangi, au ngozi ya upande wa nje wa bega ikiwa imekufa ganzi, hiyo ni dharura. Picha ya eksirei hupigwa kabla ya kurudishwa, hasa kwa aliyeanguka vibaya au mwenye umri mkubwa, na nyingine baada yake.

Umri huamua mengi. Kijana aliye chini ya miaka 20 ambaye bega lake limetoka kwa mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa kuliko nusu kwamba litarudia. Aliyepita miaka 40 hana hofu kubwa ya kurudia, lakini ni rahisi zaidi kano za misuli inayouinua mkono ziwe zimechanika, na ikiwa wiki kadhaa zimepita hawezi kuuinua, asiambiwe avumilie tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bega ufa huo ni kila mara linapotoka, kwani kila safari mfupa hulika kidogo zaidi.

Kuufunga mkono kifuani kwa miezi hakusaidii, kinyume na wengi wanavyodhani. Wiki moja hadi tatu hutosha, kisha mazoezi ya kuimarisha misuli chini ya uangalizi wa mtaalamu wa viungo. Mkao wa hatari ni ule wa mkono ulioinuliwa na kugeuzwa nje, kama wa mtu anayetaka kurusha kitu au aliyelala huku mkono uko chini ya kichwa. Kwa mgonjwa wa kifafa, dawa za kuzuia kifafa ndizo tiba ya kwanza ya bega lake, maana ushonaji wowote unaweza kung'olewa kwa mshtuko mmoja.

Ikiwa haya hayakutosha, swali la upasuaji hupelekwa kwa daktari wa mifupa katika hospitali kubwa, kama ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au Tenwek katika kaunti ya Bomet. Gharama si ya chumba cha upasuaji peke yake. Mkono hukaa kwenye kitambaa takriban mwezi mmoja, na hupita miezi kama minne hadi sita kabla ya kuruhusiwa kubeba gunia, kupiga jembe kwa nguvu au kurudi kwenye raga. Kwa familia inayotegemea mikono miwili kuchuna chai, wa kuichuna miezi hiyo hutafutwa kabla ya tarehe ya upasuaji kuandikwa.